Antena Juu ya Paa la Mselemu

Swaumu alimkuta mumewe amegeuzwa.

Alikuwa anatoka shamba, jembe begani, akapitia kibanda cha kuonyeshea mpira kumchukua kama alivyofanya kila Jumamosi tangu kiharusi kilipomwangusha. Ndani ya kibanda watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani, wanashangilia goli. Nje, kando ya mlango, Mselemu amekaa kwenye kiti cha plastiki anatazama barabara, mgongo kwenye televisheni. Jua la saa kumi lilikuwa linampiga usoni. Mkono wake wa kulia, ule uliokufa, ulikuwa umeteleza kutoka mapajani ukaning'inia kama kitu cha mtu mwingine alichopewa ashike kwa muda. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Nani amemgeuza?"

Abdulazizi, mdogo wake Mselemu na mwenye kibanda, alitokeza mlangoni akifuta jasho. "Shikamoo shemeji."

Swaumu hakuitikia. Kwao Unyambwa, kutoitikia shikamoo ni kumwambia mtu kwamba humwoni.

"Watu wamezidi leo," Abdulazizi alisema. "Nimemsogeza kidogo apishe benchi. Si anasikia sauti?"

"Kwani alikuja kusikia?"

"Shemeji, mpira ni uleule. Tena hapa nje anapata upepo."

Ndani, mtu mmoja alipaza sauti: "Mwambieni mzee tumeongoza!" Wenzake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma Swaumu zaidi. Walicheka kama watu wanaocheka mbele ya kiti kitupu.

Alivua kitenge cha juu akamfunga mumewe kiunoni, akaingiza bega lake chini ya kwapa lake la kulia, akamwinua. Kutoka kibandani mpaka nyumbani kwao ni nyumba nne tu. Walitembea karibu nusu saa. Mselemu hakusema kitu njia nzima. Alikuwa amebakiwa na maneno machache kinywani, na siku ile hata hayo machache aliyafungia.

Nyumba zile nne walizozipita, Mselemu alikuwa amezipaua zote. Kibanda chenyewe alikipaua yeye, kama zawadi kwa mdogo wake. Kwa miaka thelathini, mtu wa Unyambwa akifikisha kuta kwenye linta alikuwa anaulizwa swali moja: umemwona Mselemu? Alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyependa mazungumzo. Alipanda juu asubuhi na msumeno wake, akashuka adhuhuri kuswali, akapanda tena. Mvua ikinyesha usiku, alikuwa anaamka na kukaa kitandani anasikiliza, kana kwamba kila bati alilowahi kupigilia linamwita kwa jina. Hakuna aliyewahi kuja asubuhi kumwambia pake panavuja.

Swaumu ndiye aliyekuwa chini. Alifunga bati kwa kamba zikavutwa juu, alipanga misumari kwenye kopo, alirusha nyundo ikadakwa. Alijua kwa sikio tu kama msumari umeingia kwenye mbao au umepita pembeni. Lakini hakuwahi kupanda. Katika ukoo wa Mselemu mke hapandi juu ya paa la mumewe aliye hai. Akipanda, wanasema, amekwisha kumzika. Swaumu aliolewa akakuta neno hilo, akalibeba kama alivyobeba mengine, bila kuuliza lilitoka wapi.

Jioni ile, baada ya kumwogesha na kumbadilisha, alimwambia: "Baba Mosi, hurudi tena pale. Wallahi hurudi."

Mselemu alitazama ukuta. "Mpira," alisema.

"Utauona hapa. Jumamosi ijayo timu ya taifa inacheza. Utauona hapa, kwenye kiti chako, na hakuna atakayekugeuza."

Televisheni ilikuwapo. Mosi, binti yao aliyeolewa Manyoni, alikuwa ameituma kwa basi mwezi mmoja nyuma, ya kioo chembamba, yenye king'amuzi ndani kwa ndani. Mechi ya taifa ingeonyeshwa bure. Kilichokosekana ni antena tu. Mosi alisema kwenye simu, kwa urahisi wa mtu aliye mbali: "Nunueni tu antena ya nje, mama, muweke."

Jumatatu Swaumu alikwenda Singida Mjini, sokoni, kwenye meza ya Urbano. Urbano alikuwa ameanza kazi kwa kufunga madishi. Biashara ya antena ilipoingia alihamia huko na akili zake zote za madishi. Juu ya meza yake antena zilikuwa zimelala kama mifupa ya samaki: ndogo, kubwa, nyeupe, nyeusi, moja ina sahani, moja ina mota ya kuizungusha.

"Shikamoo mama. Unakaa wapi? Unyambwa? Basi chukua hii hapa, mama yangu. Hii baba lao." Aliinyanyua iliyo kubwa kuliko zote. "Ina busta. Inavuta mawimbi kutoka kilomita mia tatu. Utaona mpaka vituo ambavyo havijafunguliwa."

"Mimi sitaki kilomita mia tatu. Mnara si uko hapa mjini?"

"Ndiyo, uko hapa. Sasa kama hii inavuta kutoka mia tatu, hapo jirani si itakunywa tu?"

"Na hii ndogo?"

"Hiyo ya wanafunzi, mama. Ya kuning'iniza dirishani. Unataka mzee aone picha au aone vivuli?"

Neno hilo la mzee lilimshinda. Alichukua kubwa. Urbano aliahidi kuja kuifunga Jumanne asubuhi. Jumanne hakuja. Swaumu alipopiga simu alijibu kwamba yuko njiani, na nyuma yake muuza nyanya wa sokoni alikuwa ananadi. Jumatano alifika saa nane, ana haraka, pikipiki haijazimwa vizuri. Akatazama paa, akatazama saa.

"Juu sipandi, mama. Paa la fundi mwenzangu hili, mwenyewe yuko hai ananitazama. Nikikunja bati moja nitasemwa mpaka Kindai. Tutaiweka hapa."

Akaifunga kwenye nguzo ya baraza, juu kidogo tu ya kichwa cha mtu, pua yake ameielekeza juu mbinguni.

"Mbona inatazama mawingu?" Swaumu aliuliza.

"Mawimbi yanatoka juu, mama. Angalia jirani zako wote."

Ni kweli, jirani wote walikuwa hivyo. Mtaa mzima wa Unyambwa antena zilikuwa zimeinua pua kama ng'ombe wanaonusa mvua. Madishi yalikuja kwanza, yakatazama juu, na kila kitu kilichofuata kikajifunza kutazama juu. Wengine walipata picha kwa bahati, kwa sababu waliuona mnara waziwazi. Waliokosa waliambiwa wanunue busta kubwa zaidi.

Televisheni ikawashwa. Ikatafuta, ikatafuta, ikaandika: Hakuna mawimbi. Urbano akageuza huku, akageuza kule, akasema leo kuna tatizo la mtandao, itashika yenyewe kesho. Pikipiki ikaondoka. Ndani, Mselemu alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi kinachoonyesha sura yake mwenyewe, mdomo umekwenda upande.

Usinitake nieleze hasira za Swaumu siku ile. Hazikuwa hasira za antena. Zilikuwa za watu wote wanaomtazama mtu na kuona pengo lake tu: anayekwambia si anasikia, anayekwambia itashika yenyewe, daktari aliyezungumza juu ya Mselemu mbele ya Mselemu kama anayejadili gari bovu. Mtu aliyeziba mvua juu ya vichwa vya mtaa mzima alikuwa amekosa mtu mmoja wa kupanda ngazi kwa ajili yake.

Alhamisi aliing'oa antena kwa mikono yake, akaibeba kichwani, akashuka mjini. Hakwenda kwa Urbano. Alikwenda uchochoro wa nyuma ya soko, kwa Peniel, mzee anayetengeneza redio, ambaye duka lake ni dirisha moja na chuma cha kulehemu nyaya.

"Nimeibiwa," Swaumu alisema, akaitua antena juu ya meza mpaka skrubu zikaruka.

Peniel aliokota skrubu moja moja. "Karibu, mama. Kwanza salamu. Wizi hauondoki."

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa niambie. Ukisimama mlangoni kwako, mnara unauona?"

"Siuoni. Naona jiwe."

"Jiwe gani?"

"Si lile kubwa, la watoto kuanikia nguo. Liko mbele ya nyumba upande wa mjini. Limekaribia kimo cha paa la nyumba."

"Basi na antena yako inaona jiwe." Peniel aliivua antena kifuniko chake cha plastiki, akatoa busta lake, akaliweka kando kama anayetoa jino. "Mawimbi haya yanakwenda moja kwa moja, kama macho. Usichokiona wewe, ujue na yenyewe kwa shida. Na hili busta ni la mtu wa mbali. Mnara ukiwa karibu, ni sawa na mtu amesimama mlangoni kwako anakwambia hodi, wewe unajiwekea spika sikioni. Utasikia nini? Makelele."

"Kwa hiyo niliyoikataa ndiyo niliyotakiwa kununua."

"Hii ndogo, ya fito." Alichomoa nyuma yake antena fupi ya aluminiamu, isiyozidi urefu wa mkono. "Tubadilishane, nitaziuza fito za hiyo yako. Ilale sawasawa na ardhi, ncha yake iutazame mnara. Mnara, siyo mbinguni. Na ipite juu ya jiwe. Bila hivyo, hata nikupe ya dhahabu."

"Nikiiweka juu ya jiwe lenyewe?"

"Waya utakuwa mrefu, utayanywa mawimbi yote njiani. Na mbuzi wataumaliza. Panda juu ya paa, funga bomba refu kwenye kenchi la mwisho, zile mbao zinazobeba bati. Nani atakupandia?"

Swaumu alichukua antena ndogo, akaaga.

Aliporudi alipita kwa Abdulazizi. Alimkuta anachora tangazo la mechi kwa chaki. Akamwomba, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, apande juu ya paa la kaka yake kwa nusu saa.

Abdulazizi hakugeuka. "Shemeji, na kibanda kipo? Mlete tu. Safari hii nitamweka mbele."

"Nimekuomba kupanda."

"Miguu yangu mimi na kisukari hiki? Tena mgonjwa kukaa na televisheni kutwa ni kumzidishia mawazo. Mlete. Watu wamemzoea." Kisha akageuka na chaki mkononi. "Na usije ukapanda wewe. Unajua ya kwetu. Ukipanda umemzika ndugu yangu."

"Wewe ulimzika Jumamosi," Swaumu alisema. "Ulimzika amekaa."

Jumamosi asubuhi alitoa ngazi stoo. Ilikuwa ngazi ya Mselemu, ya mbao ngumu, haijaguswa miaka miwili, na mchwa walikuwa wamejaribu mguu mmoja wakashindwa. Radhia, jirani wa nyumba ya pili, alipoiona imeegemezwa ukutani alikuja mbio, unga ungali mikononi.

"Mama Mosi, una wazimu? Watasema!"

"Wataanza lini? Shika hapa chini."

"Na suruali unayo?"

"Ninayo ya kwake."

Radhia alicheka, akajiziba mdomo kwa unga. "Ee Mungu. Basi nishike. Ukianguka mimi sikuwapo."

Swaumu aliingia kwanza ndani kumwambia mumewe. Alifikiri ni haki yake kuambiwa. Mselemu alielewa kabla hajamaliza. Uso wake ulijikunja upande mmoja, mkono wa kushoto ukapiga mkono wa kiti. "La," alisema. "La! La!" Mate yalimtoka. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, hata ule upande uliokufa.

"Nani basi? Niambie jina, nikamwite."

"La!"

"Basi inuka upande wewe!"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Mselemu aliushusha mkono, kama aliyepigwa kofi. Swaumu alisimama akalitazama lile neno katikati yao, akajua atajuta, akajua pia hatalirudisha. Akatoka nje, akafunga antena na bomba mgongoni kwa kanga kama anayebeba mtoto, akapanda.

Bati la ukingoni lilipokea mguu wake kimya. La pili lilibonyea, likalia. Ndani, fimbo ya Mselemu ikagonga ukuta: pwa! Swaumu akasimama. Aliinua mguu akaukanyagisha mbele kidogo. Bati likalia tena, likashuka chini ya uzito wake. Pwa! Pwa!

"Anapiga ukuta!" Radhia alipiga kelele kutoka chini. "Amekasirika huyo, shuka!"

Swaumu alisogeza mguu upande wa kushoto, na pale bati halikulia. Fimbo nayo ikanyamaza. Akakanyaga tena mbele, kwenye uwazi, na fimbo ikapiga kabla hata bati halijamaliza kubonyea. Kutoka ndani ilitoka sauti, nzito, iliyokwama, ikivuta silabi kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Mmm... su..."

"Anasemaje?" Swaumu aliuliza.

Radhia aliacha ngazi, akachungulia dirishani. "Sijui! Anasema msu... msumari! Anasema msumari!"

Swaumu alitazama chini ya miguu yake. Misumari ilikuwa imepangwa mistari mirefu iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine kutoka ukuta hadi ukuta. Kila mstari una mbao chini yake. Fundi wa paa hakanyagi bati, anakanyaga mbao anayoijua kwa msumari. Alikuwa amemrushia Mselemu misumari hii yeye mwenyewe, kopo baada ya kopo, na hakujua kwamba ilikuwa njia.

Akaweka unyayo juu ya msumari. Bati halikulia. Akaweka wa pili. Kutoka ndani, kimya. Alipokosea, fimbo ilipiga mara moja, wala haikuwa na hasira tena. Alipanda hivyo, anaongozwa kwa sikio la mtu aliyeketi chini yake, mpaka akashika kofia ya paa na kuinua kichwa.

Jiwe lilikuwa chini yake. Nyuma ya jiwe ulikuwako mji wote, ziwa Singidani linang'aa kama bati jipya, na mnara umesimama mwembamba, wazi, hauna siri yoyote. Na huku, pembeni yake pande zote, yalikuwa mapaa ya Mselemu. Aliyatambua kwa unyoofu wake. Alitaka kulia, akakasirika badala yake. Miaka thelathini walimnyima kuona hiki. Walimwacha chini na kopo la misumari, wakamwambia huko juu kuna kaburi.

Alifunga bomba kwenye kenchi la mwisho kwa waya mnene, akazungusha kwa koleo mpaka vidole vikatoka damu. Akailaza antena sawa na ardhi, akaelekeza ncha yake mnarani.

"Vipi?"

Radhia, dirishani: "Bado! Ngoja... asilimia ishirini! Inapanda! Aa, picha imekuja! Imekatika vipande vipande, mtu ana macho mawili upande mmoja!"

"Nikienda kulia?"

"Rudi! Kidogo! Hapo! Usipumue hapo!"

Ikashika. Alisikia mtangazaji anazungumza ndani ya nyumba yake, sauti safi, kana kwamba mgeni ameingia na kukaribishwa. Akakaza skrubu.

Alipoteremka alisimama mbele ya Mselemu, ana kutu magotini, suruali ya mzee mwenyewe imemfika vifundoni. Mselemu hakutazama televisheni. Alimtazama yeye, kisha akainua macho kwenye dari.

"Tobo?"

"Sikutoboa hata moja. Nimefunga kwenye kenchi."

Akafikiri. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyokuwa anafanya zamani mwanafunzi wake akimaliza kazi bila makosa. Swaumu alimwosha mikono, akampa uji. Hakuna aliyeomba msamaha.

Saa kumi kasoro, timu zikiwa zinaingia uwanjani, Abdulazizi alifika. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mtaa mzima ulikuwa umeiona suruali. Hakupiga hodi. Alisimama katikati ya sebule, kati ya kaka yake na kioo.

"Kaka, umeruhusu hili? Wazee wamenipigia simu mimi. Mimi! Wanasema mke wa Mselemu ametembea juu ya kichwa cha mumewe mchana kweupe. Nimwambie nini mtu? Kibandani kwangu leo watu wanaulizana kama uko hai! Na huyu shemeji, kaka, nilimwonya kwa mdomo wangu, akanitukana. Kaka, unanisikia?"

Swaumu alikuwa mlangoni, mkono kwenye kizingiti, tayari. Lakini Mselemu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wake wa kushoto kuchukua rimoti juu ya mapaja. Kidole gumba kilitafuta polepole, kikapata kitufe. Sauti ya uwanja ikapanda kidogo.

"Mimi ni ndugu yako, nasema kwa faida yako..."

Ikapanda. Ngoma za mashabiki zikajaa sebuleni.

"Kaka!"

Mselemu alibonyeza na kushikilia. Mdomo wa Abdulazizi ukaendelea kufunguka na kufungika, lakini hakuna neno lake lililofika. Mselemu akaiacha rimoti mapajani, akainua fimbo kwa mkono uleule, akaielekeza kwa ndugu yake, kisha akaisogeza upande, taratibu, kama anayemwonyesha mtu aliyesimama mahali pasipo pake. Abdulazizi akaangalia fimbo, akamwangalia Swaumu, akasogea. Refa akapuliza kipenga.